UZI: Kwanini pwani inabaki na baridi na mawingu mwishoni mwa machipuko wakati bara jua linachoma

Hewa_na_Maji (mleta mada) #1

Wakuu heshima kwenu.

Kuna swali linajirudia kila ikifika mwezi wa tano na wa sita, hasa kwa ndugu zetu walioko California au waliopanga kwenda. Mtu kakata tiketi akijua anaenda kula jua na bichi, anafika anakuta anga la kijivu toka asubuhi, upepo una kaubaridi, nyuzijoto 17 au 18, watu wamevaa masweta ufukweni, halafu akifungua simu anaona Palm Springs, mji wa jangwani ambako ni mwendo wa masaa mawili na kitu tu kwa gari inasoma nyuzijoto 40. Akiuliza anajibiwa "bahari ya huko ni ya baridi bana" na mjadala umefungwa. Sio uongo, ila hiyo ni robo ya jibu, na hii mada naipenda mno kwaiyo leo nataka tuichimbe mpaka chini.

Msimamo wangu nauweka mapema: pwani inakuwa na mawingu na ubaridi kipindi hicho kwa sababu jua la msimu huo ni KALI. Sio kwamba jua limepungua. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga.

Tuanze na bahari yenyewe. Maji ni mzito kupata joto, kilo moja ya maji inataka joule kama 4,186 ili ipande nyuzi moja tu, mchanga mkavu unataka kama moja ya tano ya hapo. Alafu joto likiingia baharini halikai juu, mawimbi na upepo vinalichanganya makumi ya mita kwenda chini, wakati kwenye ardhi linabaki pale pale juu na ardhi inawaka. Kwaiyo bahari siku zote inachelewa. Kizio cha Kaskazini jua linafika kilele chake tarehe 20 au 21 Juni, lakini maji ya California yanakuja kupata joto lake la juu mwezi wa nane na wa tisa. Mei na Juni ardhi imeshapata moto, bahari bado ina baridi ya miezi iliyopita. Hapo ndipo pengo linapokuwa kubwa.

Ingekuwa ni hilo tu, kila pwani ya dunia yenye majira manne ingekuwa hivyo hivyo. California ina nyongeza mbili. Ya kwanza ni Mkondo wa California, unaoshusha maji baridi kutoka kaskazini kufuata pwani. Ya pili ndio tamu zaidi. Machipuko upepo wa kaskazini magharibi unapata nguvu na unavuma sambamba na pwani kuelekea kusini. Sasa kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja, kwa ujumla yanasukumwa kwenda kulia kwake, na kulia kwa upepo huo ni kuelekea katikati ya bahari. Maji ya juu yakiondoka ufukweni lazima kitu kijaze nafasi, na kinachojaza ni maji ya kutoka kina cha mita 100 mpaka 200, ambayo ni baridi kweli. Kaskazini ya Point Conception, ile rasi ambako pwani ya California inakata kona, mwezi wa tano maji yanaweza kuwa nyuzijoto 10 mpaka 13. Mtu akiingia hapo bila nguo maalum anaishiwa pumzi hata kama nje kuna jua.

Hayo maji ya chini yana mbolea nyingi ya baharini ndio maana samaki wanajaa sehemu kama hizi, Peru wana dagaa wale wa anchoveta wanaovuliwa kwa wingi kuliko karibu samaki yeyote duniani, ni mfumo huo huo. Ila samaki tuwaache.

Hewa ikikaa juu ya maji kama hayo inapoa kuanzia chini na inabeba unyevu. Unapata tabaka la hewa baridi yenye unyevu, unene wake mara nyingi mita 300 mpaka 600, limelala juu ya bahari. Hilo ndio tabaka la bahari.

Hapa ndio wengi wanaishia. Wanasema hewa baridi yenye unyevu sawa sawa na mawingu, basi. Hapana. Hewa yenye unyevu ingeweza kupanda, ikachanganyika na hewa kavu ya juu, ikapotea na anga likawa safi. Swali la maana ni nini kinaizuia isipande.

Kinachoizuia ni kifuniko.

Iko hivi. Hewa inayopanda na kumwaga mvua karibu na ikweta ikifika juu inasambaa kuelekea kaskazini na kusini, alafu inakuja kushuka kwenye latitudo za 30 hivi. Hewa inayoshuka inabanwa na mgandamizo, na ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazoshuka. Pasifiki ya Kaskazini hewa hiyo inayoshuka inatengeneza eneo kubwa la mgandamizo mkubwa, na kadiri kiangazi kinavyokaribia eneo hilo linakua na kusogea kaskazini. Hewa hiyo ni kavu na ya moto, inashuka mpaka inakutana na ile ya baridi iliyolala juu ya maji, na inashindwa kupenya sababu ya chini ni nzito. Inabaki imekaa juu yake. Wataalamu wanaita inveshoni, yaani badala ya joto kupungua kadiri unavyopanda, linaongezeka ghafla.

Chukua mfano wa asubuhi moja ya kawaida ya Juni. Chini ufukweni nyuzijoto 16. Panda mita 400 unakuta 12, hapo unyevu umeanza kuganda kuwa vitone na wingu linaanzia hapo. Mita 600 unakuta 11, hapo ndio mgongo wa wingu. Ukipita kidogo tu juu yake, kwenye mita 900, unakuta 20 na zaidi, hewa kavu, jua kali, bluu tupu. Wingu lenyewe ni mita 200 tu za unene! Anga lote la kijivu linalowakera watu siku nzima ni mita mia mbili tu za vitone vidogo mno, na juu yake ni kiangazi.

Sasa unganisha na jua. Jangwa la bara linawaka, hewa yake inapanda, mgandamizo chini unapungua, na upungufu ule unavuta hewa kutoka baharini. Kadiri bara linavyochemka ndivyo hewa ya baharini inavyovutwa kwa nguvu kuingia pwani. Jua hilo hilo ndilo linalokuza eneo la mgandamizo mkubwa kule baharini, na tofauti kati ya huko na jangwani inakaza upepo unaoinua maji baridi. Kila kipande kinasukumwa na jua. Ndio maana nasema usitafute jibu kwenye udhaifu wa jua.

Wenyeji msimu wameupa mpaka majina, May Gray (kijivu cha Mei) na June Gloom (giza la Juni).

Nimeweka msingi, maswali karibuni.

swali_moja #2

Mkuu shule nzuri sana. Ila kuna kitu hakijakaa sawa kwangu. Kama bahari ni baridi na Januari nayo ni baridi, mbona Januari kule San Diego unapata siku nyingi za jua zuri kabisa la kuanzia asubuhi? Si ilitakiwa Januari ndio iwe mbaya zaidi?

Hewa_na_Maji #3

Swali zuri sana ndugu, na ndilo linaloonyesha kwanini jibu la "bahari baridi" halitoshi.

Januari bahari ni baridi ndio, ila na hewa ni baridi, na bara ni baridi. Tofauti inapungua. Eneo la mgandamizo mkubwa limedhoofika na limesogea kusini, kwaiyo dhoruba za kutoka Pasifiki zinapata njia, kila ikipita moja inachanganya hewa kuanzia chini mpaka juu na kifuniko kinavunjika. Na katikati ya dhoruba, jangwa na nyanda za bara zimepoa, mgandamizo wa huko unakuwa mkubwa kuliko wa baharini, hewa inatoka bara kwenda baharini. Hewa ya bara ni kavu. Inasukuma unyevu wote nje na unapata lile jua unalolisema.

Kwaiyo Januari bahari baridi ipo ila kifuniko hakidumu na mvuto wa bara haupo. Inatakiwa vyote vitatu vikutane, na vinakutana Mei na Juni.

mpandakilima #4

Naunga mkono mleta mada kwa kitu nilichokiona mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi ya kuendesha huko Los Angeles, asubuhi unatoka Santa Monica kuna giza la mawingu kabisa, kioo cha gari kina unyevunyevu, kipimajoto cha gari kinasoma 16. Unaingia njia ya Topanga Canyon unaanza kupanda. Mwanzo hakibadiliki kitu, 15, 15, alafu unaingia ndani ya wingu lenyewe huoni mbele, taa unawasha, waipa unawasha. Alafu ghafla unatoka juu. Mwanga unakupiga machoni na namba kwenye kipimajoto zinaanza kukimbia, 18, 21, 24, ndani ya dakika chache na bado unapanda mlima! Akili inakataa kwa sababu tumezoea mlimani ni baridi. Ukigeuka nyuma unaona wingu limetandaza bapa mpaka upeo wa macho, mgongo wake umenyooka kabisa na vilele vya milima vimetokeza juu yake. Ukishuka upande wa pili kwenye bonde la San Fernando unafungua vioo unataka AC.

Nilikuwa sijui inaitwaje ila kile kifuniko nimekipita kwa gari.

Hewa_na_Maji #5

mpandakilima asante sana kaka, huo ushahidi ni bora kuliko grafu yoyote. Na ule unyoofu wa mgongo wa wingu uliouona ndio mpaka wenyewe wa inveshoni, wingu limepanda likagota hapo.

Kitu cha kuongezea hapo: unene wa tabaka ndio unaoamua siku yako itakuwaje. Likiwa jembamba sana, chini ya mita 200 hivi, wingu linagusa ardhi na unapata ukungu mzito ufukweni, ila kilomita chache tu ndani ni jua. Likiwa la kati, pwani yote ina wingu la juu kidogo na mabonde yanafunguka mapema. Likiwa nene, mita 1,000 na kuendelea, wingu linaingia mpaka mabonde ya ndani kabisa kama San Bernardino, na unapata manyunyu. Manyunyu tu, mvua ya kweli haitoki hapo, wingu ni jembamba na vitone havipati nafasi ya kukua.

Na kuna kitu kinaitwa Catalina Eddy. Upepo wa kaskazini magharibi ukifika Point Conception pwani inakata kona kuelekea mashariki, upepo unapita moja kwa moja baharini, na ule unaobaki karibu na nchi unajikunja na kuzunguka kinyume na saa. Mzunguko ule unainua tabaka na kulinenepesha. Asubuhi yake watu wanaamka na wingu zito mpaka huko ndani ambako jana yake kulikuwa kweupe, wanashangaa limetoka wapi.

Watabiri wa huko wanavyojua ni kwamba kuna puto la hali ya hewa linarushwa Miramar, San Diego, mara mbili kwa siku, linapanda likipima joto na unyevu, wanasoma kifuniko kimekaa mita ngapi. Alafu wanaangalia tofauti ya mgandamizo kati ya uwanja wa ndege wa Los Angeles na Daggett kule jangwani. Tofauti ikiwa kubwa kuelekea bara, wingu litaingia ndani na litachelewa kuondoka. Namba hizo mbili zinakwambia mengi kuliko picha ya kijua na kiwingu kwenye simu.

nanga_juu #6

Mi niliambiwa hilo wingu ni moshi wa magari, Los Angeles wana magari mengi mno.

Hewa_na_Maji #7

Mkuu hivyo ni vitu viwili tofauti ila vinafungwa na kifuniko kimoja, ndio maana watu wanavichanganya.

Wingu ni maji. Lilikuwepo kabla ya magari na lipo kwenye pwani ambazo hazina mji. Ila kifuniko kinachozuia unyevu usipande kinazuia na moshi usipande. Mwaka 1542 baharia Cabrillo alipopita na meli zake aliona moshi wa mioto ya wenyeji umetanda karibu na San Pedro akaiita Ghuba ya Moshi, na hapo hakuna gari hata moja. Julai 1943 moshi mzito ulishika Los Angeles mpaka watu wakadhani wameshambuliwa kwa gesi maana ilikuwa vita. Milima imezunguka upande wa bara, kifuniko kipo juu, hewa chafu haina pa kutokea.

Na uzuri wake nao upo. Kifuniko hicho kinafanya hewa ya juu itulie sana, ndio moja ya sababu George Ellery Hale alianzisha kituo cha kuangalia nyota Mount Wilson mwaka 1904, kwenye urefu wa mita 1,740 hivi, juu ya mji. Usiku wingu likifunika mji chini linazima na taa zake. Mtaalamu wa nyota Edwin Hubble alifanya kazi yake kubwa ya miaka ya 1920 pale pale.

mgeni_wa_juni #8

Asanteni wakuu. Mimi nataka ya vitendo, naenda Juni na familia na watoto wadogo. Linaondoka saa ngapi? Maana watoto wanataka maji.

Hewa_na_Maji #9

Dada mzunguko wake wa siku uko hivi. Jioni jua likishuka wingu linaanza kujijenga juu ya bahari. Usiku mgongo wa wingu unapoteza joto kwenda angani kwa kuwa juu yake hewa ni kavu na haina cha kulirudisha, hewa ya juu ya wingu inapoa, inazama, inachochea tabaka zima, unyevu unapanda na wingu linanenepa. Kwaiyo linajilisha lenyewe usiku kucha na kuingia bara. Alfajiri ndio kilele chake.

Asubuhi mwanga kiasi unapenya, ardhi chini inapata joto taratibu, hewa inapanda, sakafu ya wingu inainuka na kuliwa. Linaanza kuliwa pembezoni upande wa bara ambako ni jembamba, linarudi nyuma kuelekea baharini. Kilomita 20 au 30 ndani linaweza kufunguka saa nne asubuhi, karibu na ufukwe saa saba au saa nane, na pale mchangani kabisa kuna siku halifunguki kabisa. Linang'ang'ania hapo kwa sababu upepo wa bahari unaleta hewa mpya ya baridi kila linapoliwa, na wingu lenyewe linarudisha mwanga mwingi juu kwaiyo mchanga haupati joto la kuliondoa.

Ushauri wangu: asubuhi nenda sehemu za ndani au milimani, ufukweni nendeni baada ya saa nane. Bebeni masweta ya watoto. Na hili nalisisitiza sana, wapakeni watoto mafuta ya kujikinga na jua hata kama anga ni la kijivu. Wingu jepesi linaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya miale ya urujuanimno (UV), ile inayounguza ngozi. Ubaridi unawadanganya watu wanakaa masaa manne mchangani wakiona hamna jua, usiku ngozi inawaka moto. Na watoto wasikae majini muda mrefu, maji ya Juni bado yana baridi, wakianza kutetemeka watoe.

Kama mnaweza kusogeza safari, sogezeni mpaka Septemba. Maji yamepata joto na kifuniko kimelegea.

mgeni_wa_juni #10

Ubarikiwe. Tiketi tayari ila nimepata mpango wa asubuhi.

baharia_mstaafu #11

Mleta mada umeeleza vizuri ila usiwafanye watu waamini ni California tu. Nimefanya kazi melini, naweza kuwatajia.

Bahari ya Kaskazini, upande wa mashariki wa Scotland na Uingereza, kuanzia mwezi wa nne. Upepo ukitoka mashariki, hewa yenye joto ya Ulaya bara inapita juu ya maji baridi, inapoa, unapata ukungu wenyewe wanaita haar. Unaingia Aberdeen au Edinburgh huoni gati, nyuzijoto 10, na siku hiyo hiyo Glasgow upande wa magharibi watu wako kwenye jua wamevua mashati. Newfoundland ndio usiseme, hewa ya vuguvugu ya juu ya mkondo wa joto wa Gulf Stream inakuja kukanyaga maji baridi ya Mkondo wa Labrador, Juni na Julai unaweza kukaa siku nyingi mfululizo unapiga honi tu huoni kitu. Kushiro, Hokkaido kule Japani hivyo hivyo kiangazi.

Tulikuwa tunaogopa ukungu wa machipuko kuliko mawimbi. Mawimbi unayaona.

Hewa_na_Maji #12

Heshima kwako mzee wangu, hii ndio michango inayojenga uzi.

Naongezea tofauti moja ili wasomaji wasivichanganye. Haar na ukungu wa Newfoundland unahitaji upepo ulete hewa ya joto kutoka kwingine ije juu ya maji baridi, upepo ukibadilika umeisha. Ndio maana Edinburgh inaweza kupata siku mbili za kijivu alafu wiki ya jua. California kifuniko kinakaa wiki kwa wiki kwa sababu kinatokana na mfumo mkubwa wa hewa kushuka, hautegemei upepo wa siku moja. Kinachofanana ni msimu: machipuko na mwanzo wa kiangazi ardhi imewahi, bahari imechelewa.

Ndugu halisi wa California wako kwenye pwani za magharibi za mabara. Lima ya Peru iko nyuzi 12 tu kusini mwa ikweta, ungetegemea joto la kufa mtu, lakini kuanzia Juni mpaka karibu Oktoba anga ni la kijivu, manyunyu ya garúa, na mvua ya mwaka mzima haijazi hata kikombe. Kule mambo ni mabaya zaidi majira ya baridi na machipuko ya Kizio cha Kusini, maana maji yanabaki baridi na kifuniko kinakaza. Swakopmund na Walvis Bay za Namibia, Mkondo wa Benguela, ukungu juu ya jangwa, kuna mbawakawa wanasimama kwenye matuta wanainamisha kichwa unyevu ugande mgongoni ushuke mdomoni wanywe. California kaskazini miti ya redwood inayozidi mita 100 inapata karibu theluthi ya maji yake kutokana na ukungu. Kwaiyo hilo wingu linalokera watalii kuna viumbe vinaishi kwa ajili yake.

demani_77 #13

Na pwani za Afrika Mashariki je? Maji ni ya joto hatuna hii kitu?

Hewa_na_Maji #14

Pwani ya Kenya na Tanzania maji yanacheza kwenye nyuzijoto 25 mpaka 29, hewa ya chini haipoi kiasi cha kujifungia, mawingu yanapanda marefu na kumwaga mvua. Mfumo huu haupo.

Ila panda juu kidogo. Kusi ikikaza Juni mpaka Septemba inavuma sambamba na pwani ya Somalia, maji ya juu yanasukumwa nje na ya kilindini yanapanda, karibu na Ras Hafun joto la maji linashuka chini ya nyuzi 20, tena kwenye latitudo 10 tu. Vuka mpaka Oman, Salalah. Kusi hiyo hiyo inainua maji baridi pwani ya Dhofar, hewa yenye unyevu inaingia chini, na juu yake kunakuja hewa ya moto na kavu kutoka jangwani inakaa kifuniko. Milima ya Dhofar inalizuia wingu lisipite. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba Salalah ni ukungu, manyunyu, vilima vya kijani na nyuzijoto ishirini na kitu, wakati ng'ambo ya milima jangwa liko 40 na zaidi. Wanaita kharif na watu wa Ghuba wanasafiri mbali kuufuata huo ubaridi. Kwa mtu anayetaka kuona mfumo huu karibu na kwetu, huo hapo.

swali_moja #15

Mkuu la mwisho kutoka kwangu. San Francisco mbona wanasema ukungu ni Julai na Agosti sio Mei?

Hewa_na_Maji #16

Kwa sababu kusini na kaskazini hazilegei pamoja. Kusini ya Point Conception maji yanajikinga na ule upepo wa pwani, yanapata joto mapema, na Julai mgandamizo mkubwa wa juu unaojikita upande wa jangwa unabana tabaka linakuwa jembamba, wingu linabaki ukanda mdogo wa ufukweni. San Francisco maji ya kilindini yanaendelea kupanda kiangazi chote, na nyuma yake kuna Bonde la Kati linalochemka, na milima ya pwani ina tundu moja kubwa pale Golden Gate. Hewa yote inakimbilia hapo. Ndio maana mwezi wao wenye joto zaidi ni Septemba, bara likishaanza kupoa mvuto unapungua.

Na hapo wingu linagusa mifuko ya watu. Uwanja wa ndege wa San Francisco una njia mbili sambamba za kutulia ndege zilizoachana mita 230 hivi tu. Kwa miaka mingi kukiwa kweupe marubani walikuwa wanaonana na wanatua mbili mbili, ndege kama 60 kwa saa. Wingu likishuka walikuwa hawaruhusiwi, inabaki njia moja, ndege kama 30. Kwaiyo asubuhi ya kijivu pale ilikuwa inachelewesha abiria nchi nzima, na wana utabiri maalum wa saa ngapi wingu litafunguka ili wajue ndege gani ziondoke na zipi zisubiri huko zilikotoka.

nanga_juu #17

Nimeelewa kuhusu moshi. Na hii joto la dunia linafanyaje hapo, mawingu yataongezeka au yatapungua?

Hewa_na_Maji #18

Mkuu hapo kuna nguvu zinazovutana. Bara likizidi kupata joto mvuto unaongezeka. Bahari nayo ikipata joto wingu linakosa msingi. Kinachoonekana wazi tayari ni cha miji yenyewe: lami na saruji ya Los Angeles na San Diego inashika joto usiku, hewa ya chini inakuwa na joto zaidi ya zamani, kwaiyo lazima ipande juu zaidi ndio unyevu ugande. Sakafu ya wingu imeinuka na ule ukungu wa kugusa ardhi umepungua mijini. Wingu hilohilo, ila limesogea juu. Kwa vilima vinavyozunguka miji hiyo ni habari mbaya, mimea yake ilikuwa inapoozwa na kunyweshwa na ukungu kipindi ambacho mvua imeshakata, ikikauka mapema moto unapata cha kula.

Na ni suala la dunia nzima sio la watalii. Mawingu ya aina hii, ya chini na bapa, yanafunika karibu moja ya tano ya uso wa dunia kwa wastani wa mwaka, na kazi yake kubwa ni kurudisha mwanga wa jua angani. Ndio maana watu wanaotengeneza mifumo ya kompyuta ya kutabiri tabianchi wanahangaika nayo sana, wingu la mita 200 ni jembamba mno kwa mifumo hiyo kuliona vizuri, na wakilikosea kidogo hesabu ya joto la dunia inayumba.

mpandakilima #19

Kaka na Oktoba je, maana nakumbuka Oktoba anga lilikuwa safi mpaka unaona visiwa vya Channel toka mlimani.

Hewa_na_Maji #20

Oktoba jangwa limeanza kupoa, mgandamizo wa huko unapanda, upepo unageuka unatoka bara. Huo upepo ndio unaitwa Santa Ana. Hewa yake inashuka milimani, inabanwa, inapata joto na kukauka, inasukuma tabaka lote la bahari nje. Siku hizo pwani inaweza kuwa na joto kuliko jangwani. Visiwa uliviona kwa sababu hakukuwa na unyevu wa kuzuia macho, na ndio siku ambazo wazima moto wa huko hawalali.

mgeni_wa_juni #21

Wakuu narudi na swali la haraka, tumeshafika. Leo saa tano bado kijivu kabisa. Tusubiri au tuondoke ufukweni?

Hewa_na_Maji #22

Dada fungua picha ya setilaiti kwenye simu, ile ya mwanga wa kawaida, uangalie ukingo wa wingu upande wa bara uko wapi, alafu uangalie ya saa moja iliyopita. Kama ukingo umerudi nyuma kuelekea baharini, subirini, saa nane mtapata jua. Kama umesimama pale pale au umesogea ndani, pandisheni watoto kwenye gari muende mabondeni, nusu saa tu mtakuwa juani.

mgeni_wa_juni #23

Umerudi nyuma. Tunasubiri.